Kifuniko cha Mapichi

"Una karatasi yoyote inayoonyesha ulihamia hapa mwaka 2021, miaka miwili iliyopita?" wakili aliniuliza. "Barua, leseni ya udereva, chochote?"

Sikuwa nayo. Barua zangu zote bado zilikuwa zinakwenda Cleveland, mji niliokuwa nikiishi kabla. Jumatatu Mama anaingia makao ya wazee, na kwa sheria, bila ushahidi kwamba nimemuuguza humu ndani miaka miwili, nyumba haiwezi kuandikwa kwa jina langu. Itauzwa kulipia kitanda chake.

"Verna, mbona umetoa macho?" Mama aliuliza kutoka kitini kwake. "Kalete chupa ya mapichi."

"Mama, sasa si wakati wa mapichi."

"Nimesema kalete. Ile ya nyuma kabisa."

Nikashuka chumba cha chini. Chupa za mapichi aliyokuwa akihifadhi kila mwaka zilikuwa zimepangwa rafuni vilevile kama utotoni mwangu, na juu ya kila kifuniko mwandiko wa Mama: mwaka, na habari ya nyumbani. *Mapichi matamu, baba Verna kanunua trekta. Baridi kali, paka kafa. Verna kaolewa, nimelia.* Zamani nilikuwa naona aibu wageni wakivisoma.

Chupa ya nyuma ilikuwa na vumbi. Nikaifuta kwa kiganja. Herufi zilikuwa zimetetemeka.

*Agosti 2021. Mapichi machache. Verna karudi nyumbani jana. Ananiosha nywele.*

Niliipandisha juu nimeikumbatia. Wakili alisoma mara mbili, kisha akanyoosha mkono aichukue iwe ushahidi.

"Kifuniko mpe," Mama akasema. "Mapichi ni yetu."