Nani Atatangulia, Mimi au Ukuta

Sheria yetu inakataza mtu kuishi katika nyumba itakayoanguka kabla yeye hajafa. Basi leo Makame, mpimaji wa mtaa, kaja na mashine yake. Ukuta wangu wa matumbawe unamomonyoka tangu marehemu mume wangu alipoupaka saruji juu ya chokaa, ukakosa pumzi.

"Ukuta umebakiza miaka tisa, Bi Mize. Lete mkono nikupime na wewe."

"Nipime vizuri, mwanangu. Nikihamishwa hapa, nakuja kulala katikati yako na mkeo."

Mashine ikalia. Makame akainamisha macho. "Wewe sita."

"Basi sihami!" Nikapiga kigelegele, majirani wakadhani pana harusi. Nikammiminia kahawa. Akakitazama kikombe bila kunywa, maskini, nikamkatia na halua.