Dakika ya Arubaini na Moja

Fundi Ubaid alifungwa leso machoni na kuketishwa akiuelekea ukuta, ndipo akaruhusiwa kuichunguza kompyuta iliyokuwa nyuma ya mgongo wake.

Hapakuwa na namna nyingine. Tangu juzi, kipakatalishi kikuukuu cha Raihana kilikuwa kikizima kioo kila kilipoonyesha video ya kupambwa kwa Rumaisa. Na katika video hiyo wanawake wa Shela walikuwa wamevua mabuibui, wakicheza. Haikuwa ya kutazamwa na mwanamume. Bi Tima, shangazi wa biarusi, alikuwa akija kuilinda kila ilipofunguliwa. Aliketi kando ya Raihana, mkono wake wenye bangili nene ya kutuliza maumivu ya viungo ukiwa umepumzika mezani.

"Yafumbe mato, Bwana Ubaid."

"Nimefungwa leso, Bi Tima."

"Yafumbe humo humo ndani."

Kesho baada ya Alasiri, wanawake wa pande zote mbili wangekusanyika kuitazama. Ilikuwa kazi ya kwanza ya Raihana. Ikiharibika, hakuna harusi nyingine ambayo angeitwa kuipiga picha.

"Imefika wapi?" fundi aliuliza.

"Dakika ya thelathini na tisa. Wageni wanakula."

"Wanakula nini?" Ubaid hakuwa amekunywa chai.

"Hakuna cha maana," Bi Tima alidakia. "Watu wa bwana harusi hata halua hawakuleta."

"Arubaini," Raihana alihesabu. "Arubaini na moja... Imezima!"

Ngoma iliendelea kulia. Feni ilizunguka vilevile. Ubaid alinyoosha mkono nyuma, akapapasa kwa uangalifu wa kitaalamu.

"Inachemka sana."

"Hiyo ni birika, Bwana."

Fundi alijikohoza. "Sauti ipo, picha haipo. Ni kadi ya picha. Lakini dukani kwangu Amu nimeionyesha mechi tatu nzima, wala haikupepesa. Hamkuweka sumaku karibu? Sumaku huifanya idhani imefunikwa, ikazima kioo."

"Sumaku?" Bi Tima alishangaa. "Hapa ni nyumbani kwa watu, si gereji."

Walirudia mara nne. Mara nne kioo kilizima dakika ileile. Na mara nne kikawaka, Bi Tima alipoinua mikono kuomba dua.

Ubaid alitafakari kwa muda mrefu, uso ukutani. "Kadi imezeeka," alihitimisha. "Dakika hiyo ina vimetameta vingi kupita uwezo wake. Ikate."

Raihana alisita. "Hata sijui ina nini. Kamera niliisimamisha pembeni, nikaenda kula."

"Ina watu wanatafuna," Bi Tima alisema. "Kata, mwanangu. Biarusi atapungukiwa na nini?"

Raihana akakata. Video ikaenda hadi mwisho bila kioo kupepesa. Ubaid alifunguliwa leso, akamiminiwa chai, na Bi Tima akamwombea umri mrefu kwa elimu yake, kisha akaaga.

Nyumbani kwake, Bi Tima alikomea mlango na kulifungua kasha la nguo. Alikibandua kijiko cha chai cha akina Raihana, kilichokuwa kimenasa kwenye bangili yake njia nzima, akachota halua katika bakuli kubwa lililoandikwa jina la mama wa bwana harusi.