Kaya Kumi na Tisa

Walipofika kwenye shimo la nne la uwanja wa gofu, Mzee Ambindwile alivua viatu, akavishika mkononi, ndipo akazikanyaga zile nyasi fupi.

"Hapa ni ndani kwa mama Atupele," alisema. "Jiko lilikuwa pale penye kibendera."

Mwalimu Winfrida aliandika. Klabu ya gofu, nje kidogo ya Tukuyu, ilikuwa inatimiza miaka arobaini, na kamati ilimwomba aandike kitabu kidogo cha historia yake. Walimpa majina ya wenyeviti na picha za vikombe. Ukurasa wa mwisho ulikuwa wa mzee huyu, aliyetunza uwanja tangu siku ya kwanza.

Lakini mzee hakuzungumzia vikombe. Alimtembeza katika manyunyu akitaja kaya moja baada ya nyingine. Kwa Lwitiko, migomba mpaka mtoni. Kwa Tusekile, mjane, aliyehamia Kyimo akafia kwenye chumba cha kupanga. Kaya kumi na tisa.

"Mliondolewa kwa nguvu, baba?"

"Hapana. Kulikuwa na karatasi. Watu waliambiwa ni ya kuletewa bomba la maji, wakatia dole gumba. Haukupita mwezi, likaja tingatinga."

Winfrida alishindwa kuendelea kuandika. Aliapa moyoni kwamba yote hayo yataingia kitabuni, kamati ipende isipende.

"Na umewezaje kuwafanyia kazi watu hawa miaka yote?"

Mzee aliinama, akang'oa gugu moja, akalitia mfukoni.

"Basi nitaandika kwamba wanakijiji hawana lawama," mwalimu alisema kwa upole. "Hapakuwa na hata mtu mmoja aliyejua kusoma."

"Usiandike hivyo, mwalimu. Itakuwa uongo."

"Alikuwepo?"

"Mmoja. Kijana aliyekuwa amemaliza darasa la saba. Wenye karatasi walimwita pembeni kwanza. Kisha akasimama mbele ya wazee, akawasomea maji. Hayakuwemo. Ilikuwa ardhi, mstari wa kwanza hadi wa mwisho."

Winfrida alihisi hasira ikimpanda.

"Na walimpa nini kijana huyo?"

"Kazi," alisema mzee. "Ninayo mpaka leo."