Kikombe cha Muuza Sabuni

Sheria kila mtu aliijua: anayeuza sabuni sharti anywe kikombe kizima cha maji yake ya kufulia mbele ya mnunuzi. Na kusema kweli, tangu ianze, vyura walikuwa wamerudi mtoni nyuma ya nyumba ya Bi Mwanaidi, na mchicha aliomwagilia maji ya kusuuzia nguo ulinawiri ajabu.

Siku hiyo sabuni ililetwa na dada mmoja mcheshi. Alimwamkia Bi Mwanaidi, akakoroga sabuni yake kwenye beseni la nguo za mjukuu, akachota kikombe kizima, akakinywa chote.

"Maganda ya muhogo na mafuta ya nazi tu, mama. Haina sumu."

"Na yule kaka wa mwezi uliopita?"

"Amehamishwa."

"Na wa kabla yake?"

"Naye pia."

Bi Mwanaidi alimkazia macho. Mwaka mzima, hakuna sura iliyorudi mara mbili, na kila mmoja wao alikuwa akinywa kikombe nyumba kwa nyumba.

"Haya, nipe vipande viwili. Lakini mwezi ujao uje wewe mwenyewe, mwanangu. Niahidi."

Dada yule alitabasamu, akajifuta mdomo kwa kiganja, akashughulika kufunga mkoba uliokuwa umeshafungwa.