Mlango Uliomkataa Hidaya

Nasibu alipopandikizwa uboho, nyumba yake ya Morogoro iliwekewa mlango unaopima pumzi. Ilikuwa sheria: kwa mgonjwa mwenye kinga changa, mwenye kirusi haingii.

Siku ya tatu mlango ulimkataa Hidaya, binti yake wa miaka miwili, kwa sababu ya vimafua tu. "Ana adeno, kirusi cha mafua," ulisema kwa upole. Sikudhani, mama yake, alimbeba mtoto akilia, akampeleka Kilosa kwa wifi yake Chausiku. Kila mwezi mtoto alipimwa, na kila mwezi jibu lilikuwa lile lile. Ikapita miezi minne Sikudhani asiende kumwona, asije akarudi na kirusi.

Ndipo Nasibu akashikwa na homa, akaanza kukojoa damu.

"Ni adeno," daktari alisema.

"Imepitia wapi?" Sikudhani aliuliza. "Mlango haujaruhusu mtu mwenye kirusi."

"Haikupita mlangoni, mama. Mumeo amekuwa nayo mwilini tangu utotoni, imelala. Kinga iliposhuka, ikaamka."

"Kwa hiyo mtoto wangu nilimfukuza bure?"

Daktari alishughulika na dripu. Nasibu alikuwa amegeukia ukutani. "Kamlete mwanangu," alisema, "nimwone ningali na macho."

Mchana huo huo Sikudhani alifika Kilosa. Hidaya alijificha nyuma ya shangazi yake, akang'ang'ania kanga.

"Mwamkie mama," Chausiku alimhimiza, uso chini kwa aibu.

Mtoto alimtazama Chausiku, kisha akamgeukia mgeni kwa adabu.

"Shikamoo, shangazi."

Sikudhani alichuchumaa mbele yake. "Marahaba, mwanangu," alijibu.