Miche Kumi na Miwili ya Banda la Nansio

Muhogo wa Chenge ulikuwa unakufa, na si kwa ugonjwa unaojulikana. Majani yamejikunja kama karatasi iliyokaliwa, ekari nzima imesimama pale nje ya Nansio kama imetukanwa.

Muganyizi, mtaalamu wa mimea aliyevuka na meli kutoka Mwanza, alichuma jani akaguna.

"Kirusi kipya hiki. Ng'oa yote, choma."

"Nichome chakula, Dokta? Ninyi watu wa ndizi hamna aibu." Chenge alikuwa mlinzi wa banda la majaribio la Muganyizi, na mdomo hakuuacha getini. "Kimetoka wapi?"

"Viwili vimekutana ndani ya mti mmoja. Kirusi ni kama muuza samaki wa baiskeli. Tenga lake dogo, mzigo hauongezeki. Akitaka cha mwenzake, aache cha kwake. Wamebadilishana, katoka mshenzi wa tatu."

"Wamezini."

"Sema hivyo."

Kilichomsumbua Muganyizi ni kwamba virusi hivyo viwili alivileta mwenyewe, aone kama mbegu mpya itavihimili, na kisiwani vilikuwa sehemu moja tu: bandani, ndani ya miche kumi na miwili ya mbegu hiyo aliyoiambukiza makusudi, kila mche kwenye kopo lake. Pingili safi za mbegu hiyohiyo zilizobaki siku ya kupanda alimpa Chenge akapande kwake. Siku hiyohiyo alimwambia, "Miche hii ikiugua, mradi unafungwa, kila mtu arudi kwao." Chenge ana watoto saba. Alilinda banda kama kaburi la baba yake.

Na haikuugua. Mwaka mzima, hata doa. Wafadhili walipiga makofi, mkataba wa Chenge ukaongezwa.

Muganyizi alirudi bandani na Chenge, akakagua wavu mara tatu. Hakuna tundu la kupitisha hata nzi mweupe, mbeba virusi.

"Miche yangu mizima, wavu mzima. Vimetokaje?"

Chenge alikuna kisogo.

"Hiyo mizima ni yangu, Dokta. Yako ilipoanza madoa, baada ya miezi miwili, nilibadilisha. Kopo kwa kopo."

"Yangu ukaitupa wapi?"

"Nitupeje muhogo?" Akaelekeza kidevu kule shambani kwake.

Hasara: ekari moja ya Chenge, ekari kumi na tisa za majirani zilizokwisha kuambukizwa, mbegu moja shujaa ambayo haikuwahi kuwepo. Faida: ajira ya mlinzi mmoja, miezi kumi.