Bunduki Nyeusi ya Curt

Katika kibanda chao cha kuwindia, Verlyn Haugstad aliinuka mezani kabla hajamaliza kahawa yake, akavaa koti lake la rangi ya machungwa na kutoka nje kwenye theluji. Sababu ilikuwa mkwewe, Curt, aliyekuwa amefungua begi refu na kulaza bunduki yake mpya juu ya meza, kati ya jibini na mayai.

Ilikuwa nyeusi tii, ya mtindo ule ule wa wanajeshi.

"Mungu wangu," alisema Arlo, mdogo wake Verlyn, mdomo umejaa mkate. "Leo tunawinda kulungu au tunapindua serikali?"

"Cheka tu, Mzee Arlo. Hii ni nyepesi, haipigi bega teke, na inalenga kuliko hilo gogo lako. Tena ni halali. Sheria ya jimbo letu la Wisconsin nimeisoma mwenyewe."

"Sheria inaniruhusu hata mimi kuoa tena. Swali ni kama nafaa! Hako karisasi kako, kulungu atakimbia nako mpaka Kanada."

"Nimeweka risasi nzito, za kuwindia. Na haimwagi risasi kama mvua, unavyodhani. Ukivuta mara moja, inatoka moja."

Denise, mke wa Curt, hakucheka. Alimvuta mumewe kando ya jiko la kuni.

"Nilikwambia uiache nyumbani."

"Ni bunduki tu, mpenzi."

"Kwako wewe. Baba alibeba ya aina hiyo Vietnam. Tangu nikiwa mtoto namsikia usingizini akiomba msamaha. Mama alitukataza kabisa kumuuliza aliua wangapi."

Curt aliona haya. Akatoka nje kwenda kuomba radhi, lakini hakupata nafasi. Verlyn alikuwa amesimama kwenye kibaraza, anatazama miti.

"Leo utakaa na mimi," mzee alisema. "Njoo nayo."

Walikaa ukingoni mwa kinamasi, bega kwa bega, saa nyingi. Saa nane mchana dume la kulungu lilitokeza kwenye matete, likasimama na kunusa upepo. Curt alipiga risasi moja. Dume liliruka, likapiga hatua mbili, likaanguka.

Aligeuka huku anatabasamu, akakuta mkwewe hamtazami kulungu hata kidogo. Macho yake yalikuwa yameganda ubavuni mwa bunduki, pale ganda la risasi liliporukia nje.

"Piga tena," alisema Verlyn.

"Ameshakufa, baba."

"Piga tena. Pale, kwenye kilima cha udongo."

Curt alipiga. Mlio ukaenda ukarudi juu ya kinamasi. Verlyn alifumba macho na kushusha pumzi ndefu, kama mtu aliyetuliwa mzigo. Kijana akajuta kuileta bunduki ile. Mtu wa watu yuko kwenye vita vyake, akawaza, na mimi ndiye niliyemrudisha huko.

Walipokuwa wanamburura kulungu, Curt aliteleza. Alizama kwenye tope hadi mapajani, bunduki nayo ikazama. Walifika kwenye kibanda saa kumi jioni, wamelowa, meno yanagongana.

Arlo alimzunguka kulungu mara mbili, akalitazama tundu la risasi.

"Haya, nimekubali. Inaua. Ila bado ina sura ya shetani."

Curt alicheka kwa mara ya kwanza tangu asubuhi. Aliiegemeza bunduki ukutani, tope likidondoka sakafuni, akafungua bia. "Hiyo nitaisafisha kesho nikifika nyumbani."

"Sasa hivi!"

Denise alishtuka. Katika maisha yake yote hakuwahi kumsikia baba yake akipaza sauti.

Verlyn alikuwa ameshaichukua. Aliondoa risasi, akatandaza gazeti mezani, akaifungua ile bunduki kipande kwa kipande bila kuiangalia, vidole vyenyewe vikijua njia. Akafuta. Akapaka mafuta. Akafuta tena kipande ambacho tayari kilikuwa kinang'aa, kisha akakirudia kile kile. Arlo aliweka glasi yake chini taratibu.

Curt alivuta kiti, akakaa mbele ya mzee. Kisha akafanya lile alilokatazwa.

"Baba. Walikuwa wangapi?"

"Curt!" Denise alisema.

"Kumi na mmoja," Verlyn alijibu papo hapo, kama mtu aliyengojea kuulizwa kwa zaidi ya miaka arobaini.

Curt alimwekea mkono begani. "Ilikuwa vita, baba. Usingewaua, wangekuua wao."

"Wao?"

Verlyn aliacha kufuta. Alimtazama mkwewe kama anayejaribu kuelewa lugha ngeni.

"Lonnie Pruitt alikuwa na miaka kumi na tisa. Alikuwa ananiita mwalimu. Tuliwakuta asubuhi wamekufa, wamelala mstari mmoja, yeye na wenzake kumi, bunduki mikononi zimekwama, hazifyatui, masizi yamejaa ndani, na risasi bado tele. Zilikuwa mpya, Curt. Mimi ndiye niliyewafundisha kuzitumia, na niliwaambia hazihitaji kusafishwa."